Bastola ya Bei Kubwa au Mashine ya Kusaga?



Barua mbili zilizofika mezani petu zimetoka katika nyumba moja, nje kidogo ya mji wa Busia, upande wa Kenya. Ya kwanza imeandikwa na sajini mstaafu wa jeshi. Ya pili imeandikwa na mkewe, siku nne baadaye, na kwa jinsi ilivyoandikwa ni dhahiri kwamba mama huyo hakujua kuwa mumewe amekwisha kutuandikia. Majina yao tunayaficha, kama ilivyo desturi ya ukurasa huu.

Sajini anaeleza kwamba katika utumishi wake alikuwa mmoja wa wapiga shabaha wa kikosi. Sasa amestaafu, mikono ingali imara na macho yangali mazima, naye amevutiwa na mashindano ya bastola ya raia yanayofanyika mara kwa mara nchini. Ameona bastola moja ya Kicheki iliyotengenezwa mahsusi kwa mashindano, ya chuma kitupu, yenye triga laini kama maziwa ya mgando. Anauliza kama ainunue sasa, wakati kiinua mgongo chake kingali benki.

Mkewe anauliza swali fupi zaidi. Walikwisha kupatana, wakati mume yumo kazini, kwamba fedha hizo zitanunua mashine ya kusaga nafaka na kujenga kibanda chake karibu na soko. Sasa anasikia habari za bastola. Anataka kujua kama kuna ubaya kwa mke kumkatalia mumewe jambo ambalo linampa furaha na wala si ulevi.

Maswali haya yanastahili jibu moja, kwa kuwa nyumba ni moja na mfuko ni mmoja. Tena naamini wako wengi miongoni mwa wasomaji wetu, askari wa jeshi, polisi na magereza, walio kazini na waliostaafu, ambao jambo hili litawafika leo au kesho.

MCHEZO WENYEWE

Kwanza tuuheshimu mchezo huu. Kulenga shabaha kulikuwamo katika Michezo ya Olimpiki ya kwanza ya zama hizi, pale Athens mwaka 1896, na tangu hapo kumekosekana mara mbili tu, mwaka 1904 na mwaka 1928. Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola kuliingia mwaka 1966, kukaachwa mwaka 1970, kisha kukaendelea hadi mwaka 2018. Katika michezo ya Birmingham ya mwaka 2022 kuliondolewa. Nao wakuu wa polisi wa Afrika ya Mashariki, katika michezo yao ya ushirikiano ya EAPCCO iliyofanyika Nairobi mwaka 2019 na Kigali mwaka 2023, waliweka shabaha pamoja na kandanda, riadha na ngumi.

Lakini mchezo anaoutaja Sajini si ule wa Olimpiki. Ni ule wa kupiga kwa mwendo: mpigaji husogea kutoka kituo hadi kituo, hujikinga nyuma ya ukuta wa mbao, hubadilisha magazini, na saa inamhesabia. Mashirika makubwa mawili ndiyo yenye kuuendesha duniani. La kwanza ni IPSC, lililoundwa mjini Columbia, jimbo la Missouri, Marekani, mwezi Mei 1976. La pili ni IDPA, lililoanzishwa mwaka 1996 na watu walioona kwamba vifaa vya mchezo vimekuwa vya anasa mno, wakataka mpigaji atumie bastola ya kawaida na ala ya kawaida. Nchini Kenya, mashindano ya IDPA ndiyo yaliyojulikana zaidi katika miaka ya karibuni, na uwanja wa Kirigiti katika kaunti ya Kiambu umekuwa mwenyeji wake.

Jambo hilo la chanzo cha IDPA tulikumbuke. Watu wa mchezo wenyewe walikwisha kuona hatari ya fedha kushinda ustadi, wakagawa washindani katika madaraja. Mwenye bastola iliyotoka kiwandani hushindana na wenzake wa namna hiyo. Mwenye bastola ya wazi kabisa, yenye kilengeo cha nukta ya mwanga na kizuia-teke mdomoni mwa mtutu, naye ana daraja lake. Kwa hiyo mtu mwenye bastola ya kawaida hawekwi mbele ya simba asiyeweza kumfikia.

Hali kadhalika, madaraja hayo yana mizani yake. Bastola nzito inayopendwa na washindani wa IPSC yaweza kupita uzito unaoruhusiwa katika daraja fulani la IDPA, na mwenyewe akaambiwa hivyo siku ya mashindano, mbele ya watu, pesa zimekwisha kwenda. Asomaye kitabu cha kanuni cha mwaka huo kabla ya kununua hujiepusha na aibu hiyo.

BASTOLA GHALI INALETA NINI?

Nisingependa kumdanganya Sajini kwa kumwambia kwamba bastola zote ni sawa. La hasha. Bastola ya mashindano ina mambo manne ambayo ya kawaida haina.

La kwanza ni uzito. Glock 17 ya Austria, ambayo askari wengi duniani wanaijua, ina uzito wa karibu gramu 700 pamoja na magazini tupu. CZ Shadow 2 ya Ucheki, ambayo nadhani ndiyo iliyomvutia Sajini, inapita kilo 1.3. Uzito huo humeza teke la risasi, na mtutu hurudi kwenye shabaha upesi. La pili ni triga: safari yake ni fupi na inavunjika pale pale kila mara. La tatu ni vilengeo vinavyoweza kusogezwa kwa bisibisi. La nne ni kudumu: chuma chema huvumilia maelfu mengi ya risasi.

Tuseme basi kwamba mambo manne hayo ni ya kweli. Swali linalobaki ni hili: je, ni hayo yanayomzuia Sajini kupata alama leo?

Kuna kipimo rahisi ambacho kila askari anaweza kukifanya. Bastola ya kawaida iliyo nzima, ikiegemezwa juu ya mfuko wa mchanga, huweka risasi zake ndani ya upana wa kiganja katika mita 25. Sasa mpigaji asimame wima, bila kuegemea, apige risasi 10 polepole kwa bastola ya namna hiyo. Ikiwa matundu yake yameenea upana wa sahani ya wali, sehemu kubwa ya upana huo imetoka katika mkono, pumzi na kidole, na haikutoka katika chuma. Bastola ya bei kubwa itapunguza kosa hilo kidogo, haitaliondoa. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima.

Tena hesabu ya mchezo wenyewe inasema hivyo hivyo. Katika IPSC, alama alizopata mpigaji hugawanywa kwa sekunde alizotumia. Katika IDPA, kila alama anayopoteza humwongezea sekunde moja katika muda wake. Aliyechelewa kuchomoa bastola alani, aliyesimama mahali pabaya, aliyekosa magazini mfukoni, hupoteza sekunde ambazo triga laini haiwezi kumrudishia. Sekunde hizo hupatikana kwa mazoezi, na mengi ya mazoezi hayo hayahitaji risasi hata moja.

ASKARI WAWILI WA MFANO

Sajini atafurahi kusikia habari za sajini mwenziwe. Károly Takács alikuwa sajini katika jeshi la Hungaria na bingwa wa bastola. Inasimuliwa kwamba kabla ya michezo ya mwaka 1936 alinyimwa nafasi katika timu, kwa sababu nafasi hizo zilikuwa za maofisa tu. Mwaka 1938, katika mazoezi ya kijeshi, bomu la mkono lilimlipukia katika mkono wa kulia, mkono aliokuwa akipigia. Baada ya kutoka hospitali alijifundisha kimya kimya kupiga kwa mkono wa kushoto, na mwaka uliofuata akashinda ubingwa wa nchi yake. Vita vikafuta michezo ya mwaka 1940 na ya mwaka 1944. Alisubiri. Mwaka 1948, mjini London, alipata nishani ya dhahabu katika bastola ya kupiga upesi mita 25, na akaipata tena Helsinki mwaka 1952. Bastola bora kuliko zote isingemfaa kitu pale alipokuwa hana mkono wa kuishikia. Kilichomrudisha uwanjani ni mazoezi.

Wa pili ni wa juzi tu. Katika michezo ya Paris ya mwaka 2024, Yusuf Dikeç wa Uturuki, mwenye umri wa miaka 51, mstaafu wa jeshi la jandarma la nchi yake, alisimama akiwa na fulana na miwani ya kawaida, mkono mmoja mfukoni, akapata nishani ya fedha katika bastola ya hewa ya mita 10 pamoja na mwenziwe, Şevval İlayda Tarhan. Picha yake ilienea duniani kote, na watu wengi wakasema kwamba huyu hakuhitaji vifaa. Maneno hayo yana ukweli nusu. Bastola aliyoishika ilikuwa bastola hasa ya mashindano. Vitu alivyoviacha ni vipuri vya pembeni, kama vile miwani maalum yenye vifuniko vya jicho. Nusu nyingine ambayo picha haikuionyesha ni kwamba Paris ilikuwa Olimpiki yake ya tano, tangu Beijing mwaka 2008. Alitembea miaka 16 katika njia hiyo kabla ya kupata nishani ya kwanza.

Kwa hiyo mifano hii haisemi kwamba bastola njema ni upuuzi. Inasema kwamba bastola njema huja mkononi mwa mtu aliyekwisha kujijenga, wala haimjengi yeye.

TUFANYE HESABU

Mali bila daftari hupotea bila habari. Naomba Sajini na mkewe waketi pamoja, wachukue kalamu, na waandike. Tarakimu nitakazotumia ni za mfano wa kujifunzia hesabu, si bei ya duka lolote. Wao waweke bei halisi watakazoambiwa na muuzaji mwenye leseni.

Tuseme bastola ya mashindano ni shilingi 300,000 za Kenya. Kasha la chuma la kuifungia ni 40,000. Ala, mkanda, magazini za ziada, kinga za masikio na za macho ni 40,000. Risasi: mtu anayetaka kushindana kwa heshima hawezi kupiga chini ya risasi 200 kwa mwezi, yaani 2,400 kwa mwaka, tukisema risasi moja ni shilingi 100, hizo ni 240,000. Safari: kutoka Busia hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 400, na uwanja uko mbele ya hapo; safari 8 kwa mwaka, kila moja shilingi 10,000 za nauli, malazi na chakula, ni 80,000. Ada za chama, za mashindano na za kufanya upya cheti tuziweke 20,000.

Jumla ya mwaka wa kwanza ni shilingi 720,000. Kila mwaka unaofuata, bila kununua bastola nyingine, ni 340,000. Kwa miaka mitano ni 2,080,000.

Tazameni vizuri tarakimu hizo. Bastola, ambayo ndiyo iliyoleta mjadala wote ndani ya nyumba, ni kama sehemu moja tu katika saba ya gharama. Sehemu sita ni baruti, barabara na vikorokoro. Mtu aliyetoa fedha zake zote kununua bastola, akakosa za risasi, amenunua pambo. Yuko sawa na aliyenunua pikipiki akakosa petroli, na sisi watu wa Busia, ambao mji wetu ndio uliolipa jina boda boda tangu enzi za baiskeli za kuvusha watu mpakani, tunajua pikipiki isiyo na petroli huleta nini nyumbani.

Sasa tuibadili bastola. Tuseme anachukua bastola ya kawaida, nzima, ya kampuni inayojulikana, kwa shilingi 150,000. Amebakiwa na 150,000. Fedha hizo ni risasi 1,500, yaani mazoezi ya miezi saba na nusu. Nani atakuwa mbele mwisho wa mwaka: mwenye bastola ghali aliyepiga risasi 900, au mwenye bastola ya kawaida aliyepiga 2,400? Sajini, aliyepata kuwafundisha makuruti, anajua jibu kuliko mimi.

Kuna hesabu nyingine ambayo ni ya aina ya fedha. Kiinua mgongo hulipwa mara moja, hakirudi. Pensheni huja kila mwezi. Mashine ya kusaga inanunuliwa kwa fedha za mara moja na kuleta fedha za kila siku. Mchezo ni kinyume chake, hula kila mwezi. Busara ni kulipia kila kitu kwa fedha za aina yake. Shilingi 340,000 kwa mwaka ni zaidi ya 28,000 kwa mwezi. Ikiwa baada ya chakula, ada ya shule na matibabu pensheni haiwezi kubeba mzigo huo, basi kununua bastola kwa kiinua mgongo ni kuanza safari ambayo nauli yake ya kurudi haipo.

SHERIA, NA MPAKA ULIO MLANGONI

Katika sehemu nyingine za nchi ningeipita habari ya sheria upesi. Kwetu Busia haiwezekani.

Nchini Kenya, jambo hili linaongozwa na Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, na cheti hutolewa na Bodi ya Leseni za Silaha. Cheti hutangulia, bastola hufuata. Hakuna kununua kwanza na kuomba baadaye. Sheria inawasamehe askari kwa silaha wanazobeba kikazi. Haiwasamehe kwa silaha wanazonunua wenyewe. Mwombaji lazima awe na sababu njema, awe na akili timamu, na asiwe mtu wa ulevi. Cheti hutaja silaha yenyewe na idadi ya risasi ambazo mwenyewe anaruhusiwa kuwa nazo, kwa hiyo hata mazoezi hupangwa kufuatana na karatasi. Na karatasi yenyewe si ya milele: hufanywa upya, na mwezi Desemba 2018 serikali iliamuru wamiliki wote wa silaha walio raia wahakikiwe upya. Anayedhani kwamba aweza kukwepa kwa kununua bastola ya hewa ajue kwamba nayo imo ndani ya sheria hiyo hiyo.

Upande wa pili wa barabara kuna nchi nyingine yenye sheria nyingine. Uganda ina Sheria yake ya Silaha ya mwaka 1970 na mamlaka yake yenyewe. Cheti cha Kenya hakina nguvu hata hatua moja ng'ambo ya mpaka, na cha Uganda hakina nguvu huku kwetu.

Jambo hili ni jepesi kusema, gumu kuishi nalo. Busia ni mji mmoja uliokatwa na mstari. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani kilipofunguliwa rasmi mwezi Februari 2018, kuvuka kumekuwa kwepesi zaidi. Wasamia na Iteso wana ndugu pande zote mbili. Mtu hunywa chai Kenya, akanunua ndizi Uganda, akarudi kabla ya adhuhuri. Ukipata habari ya msiba Tororo, unakwenda kama ulivyo. Lakini mtu mwenye bastola kiunoni hawezi kwenda kama alivyo. Akijisahau akavuka nayo, hata kwa dakika kumi za kununua sukari katika soko la Sofia, huko yeye si mwanamichezo tena wala mstaafu mwenye nishani. Ni mtu mwenye silaha isiyo na kibali katika nchi ya watu. Akiitwa kushindana Uganda, lazima apate vibali vya nchi zote mbili kabla ya safari, kwa maandishi.

Wala serikali zetu hazifanyi mzaha. Nchi za eneo hili zilitia sahihi Azimio la Nairobi mwezi Machi 2000 na Itifaki ya Nairobi mwezi Aprili 2004, kwa ajili ya kuzuia silaha ndogo ndogo kuzagaa, na chombo cha kusimamia kazi hiyo, RECSA, kina makao yake Nairobi. Mwezi Novemba 2016 Kenya iliteketeza silaha 5,250 huko Ngong. Sisi wa mpakani tunajua kwa nini: silaha moja iliyopotea nyumba hii yaweza kulia usiku nyumba ya pili, nchi ya pili.

NDANI YA NYUMBA

Mama ameuliza habari ya fedha tu. Ningependa aulize na habari ya usalama, kwa maana fedha hurudi, mtoto harudi.

Bastola ya mashindano, tofauti na ile ya ghalani, hukaa nyumbani usiku na mchana. Triga ile laini inayosifiwa uwanjani ni laini pia kwa kidole cha mtoto wa miaka sita. Kwa hiyo kasha la chuma lililofungwa kwa misumari mikubwa ukutani au sakafuni ni sehemu ya bastola, wala si nyongeza. Asiyekuwa na fedha za kasha hana fedha za bastola. Risasi zikae mbali nayo, chini ya kufuli yake. Ufunguo ni wa mwenye cheti peke yake. Katika nyumba nyingi ufunguo wa kila kitu hukaa kwa mama, na ndivyo inavyopasa kwa sukari na nguo. Kwa silaha sivyo, kwa kuwa cheti kina jina la mtu mmoja tu.

Anapofanya mazoezi ya kavu, yaani ya bila risasi, Sajini afuate utaratibu ule ule wa kikosini: risasi zitolewe chumbani kabisa na kuwekwa chumba kingine, bastola ikaguliwe kwa jicho na kwa kidole, mtutu uelekee ukuta mnene, na watoto wasiwepo. Ajali nyingi zimetokea mikononi mwa watu waliojua sana, siku waliyoharakisha.

Yako mambo mengine mawili ambayo aghalabu hayasemwi. Bastola ndani ya nyumba huongeza hatari kwa mtu aliyevunjika moyo, na miaka ya mwanzo ya kustaafu huwa na siku nzito kwa watu wengi waliozoea paredi na wenzao. Mwenye kujiona hivyo, au mke anayemwona mumewe hivyo, aseme mapema, na silaha ikabidhiwe polisi kwa muda. Hakuna fedheha katika hilo. Pili, mwenye cheti akifariki, bastola si ya kurithiwa kama panga au ng'ombe. Familia itoe taarifa kituo cha polisi upesi na kuikabidhi. Mjane asiyeambiwa jambo hili aweza kujikuta na kesi katikati ya matanga.

JIBU LETU

Kwako Sajini. Mchezo unaoupenda ni wa heshima, nao unamfaa mtu wa nidhamu. Usiuache. Lakini usianze na bastola. Anza na uwanja. Nenda mara mbili tatu ukatazame mashindano. Jiunge na chama. Omba kusaidia kuhesabu alama na kubandika shabaha, maana huko ndiko mtu hujifunza kanuni bila kulipia risasi. Utagundua, kwa mfano, kwamba mpigaji aliyeangusha bastola, au aliyegeuza mtutu kupita mstari wa usalama, hutolewa mchezoni papo hapo, awe na bastola ya bei gani. Kisha omba cheti. Ukikipata, nunua bastola ya kawaida iliyo nzima, kwa fedha uliyoiweka kidogo kidogo kutoka katika pensheni, na uitumie mwaka mzima ukiandika alama zako katika daftari.

Mwisho wa mwaka daftari litakuambia. Ikiwa alama zinapanda bado, bastola hiyo inakutosha, kwa kuwa wewe ndiye unayekua. Ikiwa zimesimama miezi sita mfululizo, mkono umetulia, na mpigaji aliyekuzidi amekupa bastola yake ya mashindano uipige uwanjani hapo na alama zikapanda, basi umefika mahali pa kununua ile ya Kicheki, na hakuna mtu mwenye haki ya kukucheka. Kumbuka tu kwamba bastola haiuzwi sokoni kama baiskeli. Hununuliwa na mwenye kibali au muuzaji mwenye leseni tu, kwa hiyo fedha zikiingia humo hazitoki upesi siku ya shida.

Kwako Mama. Hakuna ubaya kukataa kiinua mgongo kisiguswe; mlikwisha kupatana, na mapatano ya nyumba ni amri kama amri nyingine. Lakini usikatae mchezo. Mwanamume aliyeamka saa kumi na moja alfajiri kwa zaidi ya miaka 20 kwa sababu ya kazi, akaachwa ghafla bila kazi, anahitaji mahali pa kupeleka ustadi wake. Mpe fungu lake katika bajeti ya mwezi, dogo lakini lisiloguswa, na umwombe akuonyeshe daftari, lile la alama na lile la matumizi.

Mashine ya kusaga itangulie. Ijengewe kibanda, ianze kunguruma, ipite msimu mmoja wa mavuno, na faida yake ijulikane. Ikiwa itazaa, sehemu ya faida hiyo yaweza kununua bastola njema bila mtoto kukosa ada, na hapo Sajini ataishika kwa mkono uliotulia kweli kweli, kwa kuwa hakuna mtu nyumbani anayemtazama kwa jicho la lawama. Mpiga shabaha yeyote atawaambia kwamba moyo usiotulia huonekana kwanza katika karatasi ya shabaha.

Wasomaji wengine walio na swali kama hili, hasa mlio karibu kustaafu, ketini na wake zenu au waume zenu mapema, kabla ya hundi kufika. Juma lijalo, tukijaliwa, tutazungumza habari ya kuhifadhi mahindi yasiingiwe na dumuzi.